Radi wa Mlawonyi na Gari la Kabeji

Mbio hazilazi mgonjwa.

Naam, mlicheka. Jana mjomba wenu alipolitamka neno hilo kwenye kikao cha harusi, mlitazamana mkadhani mzee amechanganya mambo. Leo mnataka kujua limetoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii hatukuachiwa na mababu, wala haimo katika vitabu vyenu vya shule. Aliyeisema mara ya kwanza yu hai, na bado anaendesha gari. Ilianza hivi.

Hapa Mlawonyi, juu milimani Taita, palikuwa na kijana fundi wa umeme aitwaye Mwakisha. Kazi yake ilikuwa bondeni, Mwatate, na nyumba yake ilikuwa huku juu, hatua chache kutoka zahanati. Barabara ya kati mnaijua: kona juu ya kona, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili hewa tupu.

Mwakisha alikuwa na gari jekundu la milango miwili. Alikuwa amelishusha chini hata paka hapiti uvunguni, akalitia ekzosi iliyonguruma mpaka mbwa wakakimbilia jikoni. Viti vyake viwili vya mbele vilimkumbatia mtu kama kiganja. Huko nyuma palikuwa na kitu kilichoitwa kiti kwa heshima tu. Ukiweka mkungu mmoja wa ndizi umejaza. Watu wengine waliteremka Mwatate kwa dakika arobaini. Mwakisha aliteremka kwa dakika ishirini na mbili. Watoto wakimsikia walitoka mbio hadi kando ya barabara wakipiga kelele, "Radi! Radi!" Naye aliteremsha kioo akawapungia, moyo umemjaa.

Mkewe aliitwa Mkawasi, mwalimu wa chekechea. Mimba yao ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili ilikuwa imefika mwezi wa nane, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

"Mwakisha, hebu tubadilishe hili gari," Mkawasi alimwambia siku moja, akihangaika kutoka kwenye kiti kile cha chini, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika mlango. "Tutafute kama lile la Mzee Mwang'ombe."

"Lile jeneza?"

"Lile lile. Lina mlango wa nyuma unaofunguka mpaka juu. Lina nafasi ya kitanda cha mtoto, na unga, na mama yako, na mimi nikiwa nimenyoosha miguu."

Mwakisha alicheka. "Siku yako ikifika, ni dakika ishirini na mbili tu. Hutakuwa umemaliza kulalamika tayari tumefika."

Gari la Mzee Mwang'ombe lilikuwa stesheni-wagoni nyeupe, ndefu, ya umri wake. Siku za kazi lilipeleka kabeji sokoni. Jumamosi, kukiwa na msiba, mzee alilaza viti vya nyuma, akaosha sakafu, akaenda kuchukua jeneza mochari bila kuomba chochote kwa wafiwa. Ulikuwa wema mkubwa, lakini ulizaa mwiko. Watu wa Mlawonyi walikubali kuketi mbele na Mzee Mwang'ombe. Kupanda nyuma, hapana. Nyuma palikuwa pa kabeji na marehemu.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni kuku wako mwenyewe. Mwakisha hakwenda kazini siku hiyo. Alikuwa uani akilipangusa gari lake aliposikia mkewe akiita. Haikuwa sauti ya uchungu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona kitu.

Alimkuta amesimama katikati ya chumba, maji yametapakaa miguuni.

"Kuna kitu kimetoka," Mkawasi alisema. "Si mtoto. Mwakisha, si mtoto."

Mwakisha alikimbia zahanati, akarudi na Sista Wawuda, mkunga mwenye miaka thelathini ya kazi, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Sista alivaa glavu, akapima, na uso wake ukabadilika. Mwakisha aliuona ukibadilika.

"Mkawasi, piga magoti. Kifua kwenye godoro, makalio juu. Hivyo hivyo, mwanangu." Kisha akasema bila kugeuka, "Kitovu kimemtangulia mtoto. Kila uchungu ukija, kichwa kinakibana, mtoto anakosa pumzi. Nimekisukuma kichwa kwa vidole. Mkono wangu hautoki hapa mpaka tufike kwa daktari wa kupasua. Ita ambulansi."

Ambulansi ilikuwa imeteremka na mgonjwa mwingine. Walisema saa moja na nusu, ukungu ukiruhusu.

"Ninalo gari!" Mwakisha alipiga kelele. Alitoka, akaliwasha, likanguruma. Alilisogeza hadi mlangoni, akakibonyeza kiti cha abiria kikalala nyuma kadiri kilivyoweza, yaani nusu. Alirudi ndani anahema. "Tayari, Sista! Dakika ishirini na mbili!"

Sista Wawuda aliutazama mlango ulio wazi, na kile kiti.

"Atapiga magoti wapi?"

"Aketi tu, Sista. Avumilie kidogo. Nitakimbia."

"Akiketi, amemkalia mwanawe."

"Dakika ishirini tu! Nitazipunguza!"

"Hata ziwe tano! Na mimi nitakaa wapi na mkono wangu humu? Nikimbie kando ya dirisha?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mimi sikuombi mbio, Mwakisha. Nakuomba mahali pa kumlaza!"

Mwakisha alisimama pale na funguo mkononi. Gari lake lilikuwa linanguruma mlangoni, kali kama kawaida yake, na halikuwa na faida yoyote. Hofu ilimshika, ile inayomfanya mtu mzima atake kumwita mama yake. Na mama yake alikuwa hapo hapo, amesimama kizingitini, kanga imefungwa kiunoni.

Ndipo waliposikia mlango wa gari ukifungwa kando ya barabara. Mzee Mwang'ombe alikuwa anashusha kabeji zilizokosa wanunuzi.

Mwakisha alipiga hatua moja. Mama yake akamshika mkono.

"Usithubutu."

"Mama, niachie."

"Jumamosi lilimleta marehemu Mwachofi! Humo humo, kwenye sakafu hiyo hiyo! Unampeleka mkeo humo akiwa hai, na mtoto yuko mlangoni? Unaita nini, Mwakisha? Ile ya kwanza imekwenda, hii nayo unaichimbia mwenyewe?"

Naye Mwakisha, fundi aliyesoma, ambaye kila siku alicheka miko ya wazee, alisita. Msimcheke. Mtu mwenye hofu huamini kila kitu. Alisita kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, na mpaka leo anazikumbuka pumzi hizo, kwa sababu kila moja mwanawe hakuwa nayo.

Sauti ilitoka chini, kwenye godoro, imefunikwa nusu na shuka.

"Mama," Mkawasi alisema, "mimi siogopi gari. Naogopa kuketi."

Mama mkwe aliuachia mkono wa mwanawe. Kisha akafanya lililowashangaza wote: alitoka yeye mwenyewe, akafungua mlango ule mrefu wa nyuma, akaanza kutupa kabeji barabarani, moja baada ya nyingine, huku analia.

Walimbeba Mkawasi juu ya godoro, watu wanne, Sista Wawuda akitembea ameinama, mkono wake haujaondoka. Godoro liliingia lote. Mkawasi aliingia kwa magoti yake, na Sista akaingia nyuma yake, akapiga magoti naye, na bado palibaki nafasi ya mama mkwe kukaa pembeni na kumshika mabega.

Mzee Mwang'ombe alimpa Mwakisha funguo. "Macho yangu na ukungu havipatani. Endesha wewe. Lakini usilikimbize, mwanangu. Breki zake zinataka mtu mwenye adabu."

Wakateremka kuelekea hospitali ya Mwatate.

Nawaambia, hakuna mbio zilizowahi kumtisha Mwakisha kama ule mwendo wa pole. Kila kona aliijua. Aliwahi kuzipita zote kwa kishindo, mkono mmoja kwenye usukani. Sasa alizisogelea kama mtu anayebeba uji wa moto. Mbele aliona hatua kumi tu, baada ya hapo nyeupe. Kila shimo alilokanyaga, mkewe aliguna.

"Kinapiga?" aliuliza.

"Kinapiga," Sista alijibu. Alikuwa anakisikia kitovu kwenye vidole vyake, mapigo ya mtoto yakipita. "Angalia barabara."

Kona ya tatu. Ya tano. "Kinapiga?"

"Kinapiga. Nyamaza, uendeshe."

Kona ya tisa uchungu ulikuja, mrefu. Mkawasi aling'ata godoro. Mwakisha alingoja jibu kabla hajauliza, na jibu halikuja.

"Sista?"

Alisikia mkewe akihema.

"Sista Wawuda! Kinapiga?"

"Kidogo," Sista alisema. "Kidogo sana."

Hapo mguu wake ukafanya ulichozoea. Ulikanyaga mafuta. Gari zee likaruka mbele, kona ya kumi ikatokea ghafla ndani ya ukungu, akakata usukani, na mkia ule mrefu ukateleza kuelekea upande wa hewa tupu. Huko nyuma mama yake aligonga kioo kwa bega. Mkawasi alipiga ukelele. Magoti ya Sista yaliteleza.

"Unanitoa mkono!" Sista alinguruma. "Mwakisha! Ukikimbia tena utamuua kwa mguu wako! Mwendo wangu ni ule wa kwanza, unanisikia? Ule wa kwanza!"

Aliondoa mguu. Hebu fikirini: mtoto wako anakosa pumzi nyuma ya kisogo chako, nawe unachoweza kumfanyia ni kwenda polepole. Alikwenda polepole. Alilia bila kupangusa macho kwa sababu alihitaji mikono yote miwili. Mbele yao lori la mchanga lilijitokeza ukunguni, taa zimezimwa, limesimama nusu ya barabara. Lau angekuwa kwenye mwendo wa Radi, hadithi ingeishia hapo. Alilipita kwa upana wa kiganja.

"Kinapiga," Sista alisema kutoka nyuma, safari hii bila kuulizwa.

Walitumia dakika hamsini na moja. Mlango wa nyuma ulifunguliwa mpaka juu, kitanda cha magurudumu kikaletwa, na kwa kuwa sakafu ya gari lile ilikuwa sawa na kitanda, walilivuta godoro lote kwa mkupuo mmoja, mama na mkunga pamoja, wakakimbizwa ndani. Mwakisha alibaki amesimama nje. Mama yake alikuja akasimama kando yake. Jani moja la kabeji lilikuwa limenasa kwenye kanga ya mama, na hakuna aliyeliondoa.

Sista Wawuda ndiye aliyetoka kwanza. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubeba kwa wa kushoto kama kitu cha mtu mwingine. Vidole vilikataa kunyooka.

"Ni wa kike," alisema. "Alichelewa kulia, tukaogopa. Sasa analia mpaka daktari amechoka. Mama yake ameshonwa, amelala."

Mwakisha aliketi sakafuni, hapo hapo koridoni.

Wiki tatu baadaye aliteremka tena Mwatate, kwa gari lake jekundu, mpaka kwenye uwanja wa madalali wa magari. Alisema anataka kubadilishana. Madalali walilizunguka lile jekundu, wakapapasa matairi, wakaomba waliungurumishe kidogo tu. Kisha walimwonyesha magari ya aina ile ile. Yeye akawapita, akaenda hadi mwisho wa uwanja, kwenye stesheni-wagoni ya kijivu iliyopigwa vumbi. Hakuuliza injini. Hakuuliza imekwenda kilomita ngapi. Alifungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akavua viatu, akapanda, akajinyoosha chali. Alipima: kichwa hakikugusa, miguu haikugusa. Kisha akageuka akapiga magoti, kifua chini, akakaa hivyo muda mrefu.

Madalali walikusanyika.

"Kaka, ni mzima wewe?" mmoja aliuliza. "Gari lako ni risasi! Utaliachaje kwa hili la kubebea kabeji?"

Mwakisha alitoa kichwa nje. "Mbio hazilazi mgonjwa," alisema.

Dalali aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia neno la wahenga. "Hiyo ni methali ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Ya zamani?"

"Ndiyo kwanza imeanza," Mwakisha alisema, akaanza kuvaa viatu.

Madalali wakaibeba. Waliisema sokoni, ikapanda mlima pamoja na wachuuzi, ikaingia vikaoni. Leo kijana akija kuposa na sifa zake ni wepesi tu, wa maneno, wa kupata, wa kung'aa, wazee humsikiliza mpaka amalize. Hawamuulizi anakwenda kasi gani. Wanatazama kama anayo nafasi ya mtu aliyeanguka. Ndiyo maana mjomba wenu aliitamka jana, na ndiyo maana nyinyi mlicheka lakini baba wa bibi harusi hakucheka.

Mbio, wanangu, hazilazi mgonjwa.