Filimbi Juu ya Meza ya Soseji

Tangazo rasmi! Waheshimiwa wanachama, ndugu wapenzi wa kandanda, na nyinyi majirani wa Lauterfeld mtakaosoma kwa kujificha: hii ndiyo historia tukufu ya Klabu ya Viktoria Krähenrode, klabu ambayo kwa karibu miaka mia moja imeutikisa mpira wa Ujerumani kutoka milimani hadi baharini.

Ukweli ni kwamba mpira wa Ujerumani haujapata habari. Viktoria hucheza ligi ya wilaya, daraja la pili kutoka chini. Daraja la chini kabisa nalo inalijua vizuri, kama mtu anavyokijua chumba cha wageni nyumbani kwa shangazi yake.

Wahenga walinena: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yaani usimkejeli leo mtu ambaye kesho utamhitaji. Katika kandanda mkunga ni refa. Hana mtoto pale uwanjani, hashangiliwi, lakini bila yeye mechi haizaliwi. Watu wa kijiji cha Krähenrode walilijua hilo kwa kichwa. Kulijua kwa moyo kuliwachukua miaka tisini na tisa.

Klabu ilianzishwa mwaka 1924 katika chumba cha nyuma cha baa ya kijiji. Sheria ilitaka waasisi saba, na waliokuwepo walikuwa waashi sita wenye kiu. Wa saba alikuwa tarishi aliyepita kuleta barua. Akakalishwa, akanyweshwa, akatia sahihi. Tangu siku hiyo aliitwa Mwasisi, ingawa hadi anaingia kaburini alipenda mbio za baiskeli tu. Jina Viktoria, lenye maana ya ushindi, lilichaguliwa kabla ya mechi ya kwanza. Baada yake wasingethubutu. Uwanja wenyewe uliinama kuelekea kijito, hata mpira ukiwekwa chini bila kuangaliwa ulikwenda zake kuoga. Mwaka 1958 Viktoria iliichapa timu moja kubwa ya mjini mabao manne kwa moja, siku ambayo wazee wakiikumbuka hufuta macho. Baada ya hapo ikapanda daraja, ikashuka, ikapanda, ikashuka, mithili ya ndoo ya kisimani.

Mwenyekiti wa klabu hii alikuwa Irmtraud Schwalm, mjane, ambaye pia ndiye aliyechoma soseji kila Jumapili kwenye kibanda kando ya uwanja. Marehemu mumewe Gerd alikuwa kipa wa Viktoria hadi magoti yalipomkatalia, na jezi yake ya kijani ilitundikwa ukutani katika nyumba ya klabu. Irmtraud aliipenda Viktoria kama mboni ya jicho. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kinywani. Akiwa ameshika koleo la soseji mkononi, aliwapa marefa maneno ambayo mchungaji wa kijiji aliyasikia kanisani akaongeza sauti ya kinanda.

Aliyetukanwa kuliko wote alikuwa Volkmar Dippel, mstaafu wa reli mwenye leseni ya urefa na pua ambayo, kama ilivyosemwa, ilifika uwanjani dakika mbili kabla yake. Volkmar alikuwa mwana Viktoria tangu utoto. Ila mwaka mmoja, refa aliyepangwa alipokosa kufika, aliombwa kuchezesha mechi dhidi ya Lauterfeld, naye akalikataa bao la Viktoria kwa sababu mfungaji alikuwa ameotea. Kuanzia hapo hakununua soseji kwa amani.

"Haradali iko kushoto, Volkmar," Irmtraud alimwambia kila Jumapili. "Kushoto ni huku. Nikushike mkono?"

Kisha kwenye bahati nasibu ya Krismasi ya klabu, Volkmar akapewa zawadi iliyofungwa kwa utepe: mshipi wa mbwa wa kuongoza vipofu. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Volkmar naye alicheka. Kesho yake akarudisha kadi ya uanachama, na hakukanyaga tena uwanjani, ijapokuwa nyumba yake ilikuwa nyuma ya goli la kaskazini. Mipira iliyoangukia bustanini mwake aliirusha nje.

Basi ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu, mwaka mmoja kabla ya klabu kutimiza karne. Viktoria ilikuwa ikining'inia juu ya shimo la kushuka daraja. Mkutano mkuu ulikuwa umekwisha kupitisha kwamba, ikishuka safari hii, itaunganishwa na Lauterfeld: jina lifutwe, rangi za kijani na nyeupe ziwekwe kabatini, na jezi ya Gerd ishushwe ukutani. Sare ilitosha kuwaokoa. Na wageni wa siku hiyo walikuwa nani? Lauterfeld wenyewe, naam.

Refa aliyetumwa alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwembamba kama mshale wa saa. Kipindi cha kwanza kizima kilipita bila bao, na Irmtraud hakunyamaza hata kumeza mate.

"We kijana! Hata kuku wangu wanaona ile ni penalti!"

"Mama yako anajua kwamba uko nje bila miwani?"

Wakati wa mapumziko kijana alitoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa amebeba begi. Akaja moja kwa moja kwenye kibanda.

"Bibi," alisema kwa upole, "kesho nina mtihani. Nilidhani nikija huku nitapumzisha akili." Akaiweka filimbi mezani, kati ya chupa ya haradali na bakuli la saladi ya viazi. "Puliza mwenyewe."

Akaingia garini akaondoka. Irmtraud aliitazama filimbi ile kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kapu la mayai. Nyuma yake soseji zilianza kuungua, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika. Kila mtu aliijua kanuni: wenyeji wakimkimbiza refa, mechi wameipoteza, isipokuwa manahodha na makocha wa pande zote wakubaliane juu ya refa mwingine mwenye leseni.

Ottmar, kocha wa Lauterfeld, alikuja akipangusa mikono. Alikuwa mwenye bucha, na soseji za Krähenrode zilitoka kwake, siri iliyojulikana na wote.

"Irmtraud, ningeweza kwenda kuoga sasa hivi," alisema. "Pointi tatu bila jasho. Lakini kuwazika bila kucheza hakuna ladha, ni kama soseji bila chumvi. Mlete Dippel, tuendelee. Dippel tu, simtaki mwingine."

"Dippel hatakuja."

"Basi mimi naenda kuoga."

Irmtraud akashika njia akiwa bado na aproni. Hatua za kufika nyuma ya goli zilikuwa chache, lakini siku ile zilimlemea kama mlima. Alimkuta Volkmar akiwalisha njiwa.

"Volkmar."

"Mpira umeingia tena?" Hakugeuka. "Sijauona. Mimi sioni, si unajua."

"Nimekuja kuomba."

"Uko kushoto au kulia? Nielekeze."

Jibu kali lilimjia Irmtraud mpaka ncha ya ulimi, akalirudisha lilikotoka. "Lile bao lilikuwa la kuotea," alisema. "Nililijua siku ileile. Gerd alinieleza njiani tukirudi nyumbani, ndiyo maana nikazidi kukasirika. Nisamehe."

Volkmar akamwaga punje za mwisho. "Na ule mshipi wa mbwa?"

"Niliununua mimi."

"Mshipi imara. Nimefungia mche wa pea." Akajipangusa mikono, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nitakuja. Ila kibendera cha upande wa kijito utashika wewe."

"Mimi? Na goti hili?"

"Ulimi wako hauna mashaka, Irmtraud. Goti litaufuata."

Kipindi cha pili kikaanza, na mwenyekiti wa Viktoria akawa anakimbia kando ya mstari na aproni yake, kazi yake, kama ya kila mshika kibendera wa klabu katika ligi hizi, ikiwa moja: kuonyesha mpira uliotoka. Watu wa Lauterfeld walijua wamepewa sikukuu.

"Irmtraud! Mpira ni ule wa duara!"

"Mgeuzeni kama soseji, upande huu umeiva!"

Aliyavumilia. Kisha winga wa Viktoria akateleza na mpira kandokando ya mstari, akapiga krosi, na wavu ukatikisika. Krähenrode nzima ililipuka. Irmtraud peke yake alikuwa ameona. Kabla ya krosi, mpira ulikuwa umevuka mstari, wote, kwa upana wa kiganja. Mkono wake ulikuwa mzito kama nanga. Aliiwazia jezi ukutani, akamwazia Gerd akimweleza ukweli njiani kurudi nyumbani. Akainua kibendera.

Volkmar akapuliza. Bao likafutwa.

"Mama mkwe!" alipiga kelele Detlef, kocha wa Viktoria, ambaye alikuwa amemwoa bintiye. "Uko upande gani wewe?"

"Wa kijito! Angalia timu yako!"

"Mwenyekiti amenunuliwa kwa soseji!" ikasikika sauti kutoka kibandani, na ilimchoma kuliko makaa. Hapo ndipo alipojua uchungu wa wale wote aliowapigia kelele kutoka nyuma ya jiko lile.

Zikiwa zimebaki pumzi chache mechi iishe, Lauterfeld wakashambulia upande uleule. Mpira ukaserereka na mteremko, winga akaunasa karibu na kijito, krosi, kichwa, bao! Ottmar alirusha kofia yake juu. Krähenrode wakainamisha vichwa kama watu walio msibani.

Kibendera kilikuwa juu.

"Mwizi!" walinguruma Lauterfeld. Volkmar alikuja mbio, pua mbele, akasimama uso kwa uso na Irmtraud.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kama ule wa kwanza?"

"Kama ule wa kwanza, Volkmar. Umetoka wote."

Volkmar akapuliza: mpira wa kurusha. Ottmar alikuja akiwaka moto, akamtazama mwenye kibendera, kisha akageuka.

"Angekuwa mwongo," aliwaambia watu wake, "angedanganya lilipokuwa bao lake." Akaenda kuokota kofia.

Filimbi ya mwisho ikalia. Hakuna bao, hakuna aliyeshinda, na kijiji kizima kilishusha pumzi kwa pamoja mpaka njiwa wa Volkmar wakaruka. Viktoria ilibaki. Irmtraud aliketi majanini, goti limemvimba, machozi yakimtoka na kicheko hapohapo. Volkmar akamnyooshea mkono, wakapanda pamoja hadi kibandani.

"Haradali iko wapi?" aliuliza Volkmar.

"Kaa chini," alisema Irmtraud. "Nitakuletea popote ulipo."

Hadithi ingeishia hapa kwa heshima, lakini imeandikwa kwa ajili ya kitabu cha karne ya klabu, na mwenyekiti, ambaye ni bibi yangu, aliamuru Bwana Dippel aipitie kwanza. Jana aliipitia, jikoni kwetu, akiwa na kalamu nyekundu.

"Mwaka 1958," alisema. "Timu kubwa ya mjini?"

"Ilikuwa kubwa, Bwana Dippel."

"Mimi nilikuwepo, mabegani kwa baba."

Nikatazama sakafu. "Zimamoto," nikasema. "Ilikuwa timu ya zimamoto."

"Na walimaliza mechi wangapi?"

"Saba. Wengine waliitwa kuzima moto."

Bibi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Bwana Dippel akafunua ukurasa.

"Na hii pua inayotangulia dakika mbili?"

"Ni pua ya kawaida kabisa."

"Vizuri. Klabu inahitaji refa wa pili, na wewe unarudi kutoka bweni kila mwisho wa juma. Kozi inaanza Jumamosi, nimekwisha kukuandikisha. Unajua mkufunzi na mtahini ni nani?"

"Nani?"

"Hii pua."

Basi naungama mbele ya wanachama wote: zimamoto ilikuwa zimamoto, pua haina kosa lolote, na ningeyajua ya Jumamosi ningeandika kwa adabu tangu mstari wa kwanza. Kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.