Kompyuta Iliyokufa Sauti

Paukwa!

"Pakawa."

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Haya, potelea mbali, nasimulia hivyo hivyo.

Digidigi alifiwa na mumewe. Sauti ya marehemu ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya nyumbani. Kila jioni mjane alibonyeza, tik, sauti ikamwita. Siku hiyo akabonyeza, tik. Kimya. Akabonyeza tena, tik. Kimya! Akapiga yowe.

"Jamani, kompyuta yangu imekufa sauti!"

Lo! Jirani yake Fisi akalisikia hilo neno "imekufa". Huyo, gubu gubu gubu, mpaka ndani. Na jana tu aliiazima hiyo kompyuta, akasikiliza ngoma kwa hedifoni, kisha akazitafuna hizo hedifoni, mlafi yule.

"Pole, jirani. Lakini kilichokufa ni cha Fisi, ndiyo desturi. Naibeba."

Digidigi akalia. Afanye nini? Mwenziwe ana meno.

Panya akashuka darini. Akavuta waya wa spika, chwi. Mzima. Akatazama alama ya sauti kwenye skrini. Haikufungwa. Akachungulia tundu la hedifoni, kumbe mna ncha imekatikia humo! Kompyuta inadhani bado imevishwa hedifoni, sauti yote inapotelea huko. Panya akafunga mdomo.

"Mzee Fisi, chukua maiti yako. Ila mwenye maiti ndiye anayelisha matanga. Nyani wako njiani, na Ngiri na wanawe wote."

"Wale nyama yangu?"

"Na wewe usiguse mpaka washibe."

Fisi akaruka. "Nani kasema imekufa? Imezimia tu! Si yangu!"

"Apa."

"Haki ya mama, si yangu!" Gubu gubu gubu, akatokomea.

Panya akaing'oa ncha kwa meno, pwi. Digidigi akabonyeza, tik.

"Mke wangu, upo? Funga mlango, baridi inaingia."

"Nimeshafunga, mume wangu."

Tik. "Mke wangu, upo? Funga mlango, baridi inaingia."

"Nimeshafunga, baba. Nimefunga." Machozi yakamtiririka, akabonyeza tena. Chakula kikapoa, akabonyeza tena. Panya akamwonea huruma, akajuta kuing'oa ile ncha.

Ngano yangu imekomea hapo, anayetaka kulia na alie kwao. Mnataka funzo? Haya: msiwe waongo kama Panya. Cha Fisi, mwachieni Fisi.