Mvua Iliyonyeshea Kiti Kitupu

"Mvua hunyeshea hata kiti kitupu."

Msemo huu una kaburi, na ndani ya kaburi hilo hamna maiti. Huko Motulupe, kisiwa kidogo cha Wapolinesia katikati ya Bahari ya Pasifiki, hausemwi kwa kicheko. Bibi Fetuao aliusema siku vijana walipopita uani kwake wakitoka mkutanoni, ambako walikuwa wamemfukuza mwenyekiti wa wavuvi kwa sababu samaki wameadimika. Aliusema bila kuinua macho, akiendelea kukuna nazi.

Hekau, ambaye sauti yake ndiyo iliyovuma kuliko zote mkutanoni, akasimama.

"Bibi, fumbo hilo unatupiga sisi?"

"Mimi nimerusha jiwe gizani. Wewe ndiye uliyeguta."

Wenzake wakamcheka. Hekau akaona haya, akauliza kwa upole msemo ule ulitoka wapi.

"Kaeni," alisema bibi. "Nawe mwenye sauti, shika mbuzi hii ukune. Habari hii haijawahi kuniachia nguvu mikononi."

Ulianza hivi.

Kisiwa chetu hakina mto, wanangu. Maji yetu ni ya mvua, na yale machache yanayotuama kwenye mapango. Mvua ikikawia, magimbi hunyauka, mashelisheli hudondoka yangali machanga, na watu huanza kutazamana vibaya. Wazee wa zamani walisema mvua ina bwana wake, na bwana huyo ni mfalme. Humfuata mfalme alipo kama kifaranga amfuatavyo mama yake. Pasipo mfalme haijui pa kunyeshea.

Kwa hiyo mfalme alitukuzwa, tena alitukuzwa sana. Siku ya kutawazwa aliogeshwa pangoni, kisha dada yake mkubwa alimpaka mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, akamfunga kiunoni mkanda wa ukindu na manyoya mekundu. Hapo ndipo alipokalishwa kwenye kiti cha jiwe. Lakini mvua ikikatika, mkono uleule uliomfunga mkanda ulitakiwa kuufungua. Mfalme alitiwa ndani ya mtumbwi usio na kasia, akasukumwa nje ya miamba, mkondo ukamchukua. Kisha akatafutwa mwingine, apakwe mafuta, ili mvua ipate wa kumfuata.

Wakati huo aliishi mchonga mitumbwi, jina lake Fakahoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi. Wazee walipomfuata wakitaka awe mfalme, alikataa. Aliyemlainisha alikuwa dada yake, Laumata.

"Kubali, ndugu yangu," alimwambia. "Tangu mama afe, sisi na wanangu tunakula makombo ya sherehe za wengine. Hutaki dada yako apite watu wakampisha?"

Fakahoa akacheka. "Unataka kupishwa njia, nami nikalie jiwe?"

"Nitakushonea mto."

Basi akakubali, kwa kumpenda. Laumata akampaka mafuta siku ile mpaka masikioni, na watu wakashangilia. Miaka michache ikawa ya neema. Laumata akapishwa njia, na kwa kweli, wanangu, alipenda.

Kisha mbingu zikafunga. Mapango yakabaki na tope. Akina mama wakawapa watoto maji ya madafu, hata madafu nayo yakaisha. Fakahoa aliacha kula chakula alicholetewa, akakigawa kwa wazee wasiojiweza, akakonda hata mkanda ukawa unamteleza. Lakini watu hawakutazama mbavu zake. Walitazama mbingu, kisha wakatazama kiti.

Msemaji wa baraza alikuwa Pulefano, mtu mwenye fimbo ndefu na sauti iliyotetemesha paa. Akawakusanya watu mbele ya kiti cha jiwe, akamwita Laumata.

"Dada wa mfalme, fungua ulichokifunga."

Laumata akapiga magoti. Hakuwa amempigia magoti mtu tangu ndugu yake atawazwe.

"Baba Pulefano, nipe mpaka mwezi mpya. Mwezi mmoja tu! Huyu ameiba nini? Amempiga nani?"

"Hajaiba wala hajapiga. Mvua haimpendi, basi."

"Nani kaiuliza?"

Watu wakaguna. Pulefano akaigonga fimbo chini. "Ukikataa, mtumbwi una nafasi ya wawili."

Laumata akasimama, akasema atapanda. Ndipo Fakahoa akanena.

"Dada, fungua. Wanao bado wanakutaka. Njoo, vidole vyako vina baridi. Siku ile ulinipaka mafuta mpaka nikawa siwasikii watu. Leo nawasikia vizuri."

Alitabasamu aliposema hivyo, ili amrahisishie. Laumata akaufungua mkanda. Wanaume wakamchukua Fakahoa hadi ufukweni. Mtumbwi waliomtia ulikuwa wa kazi ya mikono yake mwenyewe. Akaupapasa ubavuni, kama fundi anavyokagua kazi, akasema, "Huu niliuchonga vizuri. Hautavuja upesi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa. Laumata akabaki ndani ya maji mpaka kifuani, akiimba:

*Mkono ulokupaka*
*ndio leo wakutaka,*
*na bahari yakuteka,*
*ndugu yangu wapotea.*

Aliimba mpaka mtumbwi ukawa doa, na doa likawa hakuna.

Kesho yake Pulefano akawakusanya watu tena, mbele ya kiti kilekile. Alitaka mfalme mpya. "Bila mfalme," akasema, "halitadondoka hata tone. Mvua haiji kwenye kiti kitupu." Akamwita mvuvi hodari. Mvuvi akasema mguu wake unamsumbua. Watu wakashangaa, maana juzi alikuwa amecheza ngoma. Akamwita mwingine, huyo akasema mkewe ana mimba. "Mkeo ana mimba tangu lini?" mkewe mwenyewe akauliza, na wachache wakacheka kicheko kikavu. Wa tatu akaanza kukohoa kabla jina lake halijaisha kutajwa.

Laumata alikuwa ameketi pembeni. Akanyanyuka na kibuyu cha mafuta, akapita katikati ya watu. Wakampisha. Akasimama mbele ya Pulefano.

"Baba, hapa kuna mafuta, hapa kuna mkanda, na mikono yangu imezoea. Una sauti nzuri. Mvua ikikusikia itakuja mbio. Vua nguo yako nikupake."

Pulefano akaangalia kibuyu, akaangalia kiti. Akatazama upande wa bahari. Akaishusha ile fimbo ndefu.

"Mimi ni msemaji," akasema kwa sauti ndogo. "Si mtu wa kukaa kitini."

"Ndugu yangu naye alikuwa mchonga mitumbwi. Hakuwa mtu wa kukaa kitini."

Laumata akakigeuza kibuyu, mafuta yakamwagika yote mchangani, na harufu ya maua ikajaa pale mahali kama siku ya sherehe. Watu wakaondoka mmoja mmoja, macho chini.

Kiti kikakaa kitupu. Ukame haukuisha upesi. Watu walizika wazee na watoto, na wengine wakanong'ona kwamba ni kwa kukosa mfalme. Hata hivyo hakuna aliyejitokeza. Kisha asubuhi moja upepo ukageuka, wingu likapanda kutoka kusini, zito, jeusi, likapasuka juu ya kisiwa. Mvua ilinyesha! Ikanyeshea mashamba, ikanyeshea paa la Pulefano, ikanyeshea kiti cha jiwe kisicho na mtu mpaka maji yakajaa pale palipokuwa pa kukalia. Watu wakatoka nje na vifuu na mitungi, wakilia na kucheka. Wakamkuta Laumata amepiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa anakifuta maji kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefuta uso wa mgonjwa, na kila akikifuta kilijaa tena.

Mtu mmoja akamwambia, "Laumata, simama, furahi, mvua imekuja."

Akamjibu bila kugeuka. "Naiona. Hunyeshea hata kiti kitupu."

Pale pale vicheko vikakatika. Walikinga maji kimya. Tangu siku hiyo Motulupe haijatawaza mfalme, na kile kiti kipo, kimeota kuvu.

Bibi Fetuao akaishia hapo. Hekau alikuwa ameacha kukuna zamani, nazi nusu mkononi.

"Bibi, na Fakahoa?"

"Mtumbwi aliuchonga vizuri. Huenda ulikawia kuzama. Zaidi ya hapo sijui, hata Laumata hakujua, naye alitazama bahari mpaka akafa."

Vijana wakainuka. Hawakurudi njia ya kwao. Walishika ile ya nyumbani kwa mwenyekiti waliyemfukuza asubuhi. Bibi akawasikiliza wakienda, na sauti iliyomfikia kwa mara ya mwisho ilikuwa ya Hekau, si kubwa tena, akijisemea taratibu:

"Mvua hunyeshea hata kiti kitupu."