Dirisha Lisilouliza Barua ya Mwaliko

Mlinzi wa ubalozi alitangaza kwamba mtandao unasumbua, na kabla ya kufunga huenda akahudumiwa mtu mmoja tu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Zuwena, aliyefika tangu alfajiri kuhuisha viza yake ya matembezi, maana binti yake kule Muscat alikuwa anajifungua wiki hiyo. Mara Bwana Lukumbo, tajiri wa mabasi, akateremka garini na kusimama mbele yake.

"Mama, mimi nina haraka."

Bi Zuwena alikwenda kwenye kidirisha cha pembeni kilichofungwa, akasimama peke yake, akajipepea kwa pasipoti huku akitabasamu.

Bwana Lukumbo alivumilia dakika tatu tu. "We mama, hapo kuna nini?"

"Shii, baba, watasikia wote! Hapa hawaulizi barua ya mwaliko wala picha. Ukifika wa kwanza, unahudumiwa wa kwanza."

"Nipishe!"

"Nikupishe tena? Na mimi niende wapi?"

"Kasimame pale kwangu!" Akawageukia watu wa foleni. "Mmesikia? Nafasi yangu nimempa huyu mama."

Wakabadilishana. Bi Zuwena akaitwa ndani.

Alipotoka na viza yake, kidirisha cha pembeni nacho kilifunguka, na mpishi akachungulia, mikono imejaa unga.

"Karibu, mzee. Leo kuna chapati na maharage tu."

"Mfungie mbili," alisema Bi Zuwena akipita. "Ana haraka."