Simu Ndani ya Debe la Maharage

Sogeeni, lakini msikimbilie kunijibu. Majibu ya haraka nimeyasikia wiki sita mfululizo, na kichwa kinaniuma.

Mimi ni Mama Sekela. Nimepanga hapa Tukuyu, ukuta mmoja na Atupele. Anaishi na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Mumewe, Ambakisye, alijaliwa kutii. Mama mkwe wake, Bibi Tulinagwe, alijaliwa kuamuru. Wifi yake, Tusekile, alijaliwa kukaidi. Ukipakana na watu hao, redio huihitaji.

Atupele alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ilipoingia ya tatu, ujumbe ukazunguka kwenye kundi la simu la wanakwaya, kwamba mawimbi ya simu na umeme wa nyumbani huua mtoto tumboni. Aliusoma kitandani, na nyuma ya ukuta wa kitanda hicho ndipo ilipofungwa mita ya umeme. Mumewe ni fundi simu, na meza yake ya kazi, yenye simu za watu tele, ilikuwa miguuni pa kitanda hicho hicho. Tangu siku hiyo usingizi ukamhama.

Kliniki, muuguzi alimwambia, "Mama, mawimbi ya simu na umeme wa nyumbani hatujaona yakiua mtoto. Presha na kukosa usingizi, hayo tunayaona kila wiki. Ukiendelea hivi utampoteza na huyu." Maskini, alikwenda na hofu moja akarudi na mbili.

Ambakisye hakuamini habari ya mawimbi. "Ingekuwa kweli, mimi ningekuwa kaburini zamani," aliniambia. Lakini mkewe alipomwomba, alibeba meza, chaja na zile simu zote, akahamia kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Wateja walipungua, kikohozi kikamganda. Hakunung'unika. Wiki ile ile Atupele akaanza kulala, na presha ikashuka.

Bibi Tulinagwe aliamini kila neno la ujumbe ule, na mengine akaongeza ya kwake. "Simu isionekane humu ndani, ya mtu yeyote! Na hicho kitanda kitoke kwenye mita!" Walikisukuma mpaka kikagota kwenye ukuta wangu. Ni ukuta wa matofali mabichi. Nikawa namsikia Atupele hata akijigeuza.

Tusekile naye alitoa simu, mbele ya mama yake, kwa adabu zote. Ilikuwa simu mbovu aliyoichukua mezani kwa kaka yake. Ile nzima aliizima, akaifukia ndani ya debe la maharage, maana ana mchumba Chunya na mchumba hataki kungojeshwa. Mama yake akitoka huitoa, akaongea dakika mbili, akairudisha.

Mimba ikafika mwezi wa nane. Mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika tangu juzi yake, Bibi yuko kanisani, Ambakisye yuko kibandani, ukuta wangu ukagongwa. Mara tatu, halafu kimya. Nilikimbia nikamkuta Atupele sakafuni, damu imelowesha kanga yote. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Nikapiga yowe. Tusekile, aliyekuwa akitoka bombani, aliitupa ndoo mlangoni, akazamisha mkono kwenye maharage mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na simu yenye chaji tele. Gari likaja, likamkimbiza hospitali, akapasuliwa.

Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tungewazika wote wawili. Alisema pia kwamba kwa presha ile ya mwanzo, Atupele asingevuka upasuaji.

Mtoto ni wa kike, mzima, analia vizuri. Ugomvi ni nani ampe jina.

"Nimenyeshewa miezi minne," anasema Ambakisye. "Asingelala, asingepona."

"Na kitanda kingebaki kule kwenye mita, nani angemsikia?" anauliza Bibi Tulinagwe.

"Mama, ningekutii wewe leo tungekuwa na makaburi mawili," anasema Tusekile.

"Kwa hiyo uvunje amri yangu, halafu nikupe zawadi?"

Na mimi niliyesikia ndiye niliyeletewa kesi. Mwaka huu nimechoka, jamani. Nilisikia ukuta tu, sikuomba uhakimu.

Jana nilimfuata Atupele. Alikuwa amejiegemeza ukutani, mtoto ananyonya, macho yamemwingia ndani. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka aitwe nani?"

Akasema, "Mama Sekela, tangu mimba ya huyu iingie, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza ninachotaka."

Kabla hajataja jina, usingizi ulimchukua. Sikuwa na moyo wa kumwamsha.

Kesho asubuhi wanakuja kuchukua hukumu yangu. Kadi ya kliniki bado imeandikwa "Mtoto wa Atupele." Mmoja alitii, mmoja aliamuru, mmoja alikaidi, na angekosekana mmoja tu, mtoto huyu asingekuwepo. Sasa jibuni, taratibu. Ungekuwa wewe, haki ya kumpa jina ungempa nani? Na ukishaamua, ungemtazamaje Atupele usoni?