Ngamia Aliyepona

Bandu bandu huisha gogo. Wengi huitumia methali hii kumtia moyo mvivu: anza na kidogo, kazi itakwisha. Ni kweli, ila gogo lenyewe halijaulizwa. Kisa cha Aidos wa mji wa Almaty kinatuonyesha upande wa gogo.

Aidos alikuwa akitengeneza muziki kwa kompyuta. Albamu yake ya kwanza haikuwa na uimbaji hata kidogo. Ilichanganya midundo ya disko, besi ya rege, kinanda cha jazi na, katikati ya yote, dombra, kinanda cha nyuzi mbili, ya babu yake, mzee Seitkali. Kabla ya kufariki, mzee huyo alimpigia mjukuu wake kipande cha muziki kuhusu ngamia jike kilema anayemtafuta mwanawe, naye Aidos akakirekodi. Hakukuwa na rekodi nyingine, na katika wanawe mzee hakuna aliyerithi mkono ule. Kulyash, mama yake Aidos, alikuwa bado hajaisikiliza. Alikuwa akingoja karamu ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kifo cha mzee, ukoo utakapokusanyika.

"Usinisikilizishe sasa," alimwambia mwanawe. "Siku hiyo nataka nimsikie baba yangu nikiwa na ndugu zangu."

Aidos akajifunga kibwebwe. Kwenye rekodi mzee alikohoa; Aidos akakata kikohozi. Kikombe kiligonga kisahani, akakata. Kucha ilikwaruza ubao wa dombra. Nao mkwaruzo akautoa. Kisha akaona mkono wa mzee ulikuwa ukichelewa kila mara, haukwenda sawa na mdundo wa mashine. Alidhani ni uzee. Akaunyosha mwendo, pigo baada ya pigo, na kila alipomaliza alihifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani. Alivyokata alivitupia kwenye folda aliyoiita Takataka, maana watu wa kazi hiyo hawapotezi hata mkwaruzo. Kila bandu lilikuwa dogo, wala hakuna lililomtia shaka.

Siku ya karamu, nyama ilipoondolewa na chai ya maziwa ikamiminwa, muziki ukawekwa. Vijana wakatikisa vichwa. Kulyash aliketi mikono magotini, akingoja, mpaka wimbo ukaisha.

"Mbona wa baba hujauweka?" akauliza.

"Ndio huo, mama."

Mjomba Kenzhebek, ambaye hakuwahi kumwacha Aidos apumue kwa utani, alikuna kidevu. "Mpwa wangu, huyu ngamia amepona lini? Marehemu alimchechemesha maisha yake yote. Wewe umempeleka kwa daktari gani, mpaka anakwenda kama baiskeli?"

Watu wakacheka. Kulyash hakucheka. "Basi niwekee ile ya mwanzo," alisema.

"Haipo, mama. Nilihifadhi juu yake."

Mama aliinuka akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hapo ndipo Aidos alipoelewa alichokifanya.

Aliifungua Takataka, akajaribu kurudisha kila kipande mahali pake. Mwendo haukurudi, kwa kuwa kule kuchechemea hakukuwa ndani ya kipande chochote, bali katika kule kuchelewa kwa mkono wa mzee. Mwishowe akaviunganisha vivyo hivyo, bila mdundo wala besi, akabeba spika hadi jikoni. Kikasikika kikohozi, kikombe, kucha juu ya ubao. Kisha ikaja sauti ya mzee, aliyokuwa ameikata kwa sababu albamu yake haikuhitaji maneno: "Kulyash, chai yako leo nyepesi."

"Naleta nyingine, baba," akajibu Kulyash, na tayari alikuwa ameshika birika kabla hajakumbuka.

Akaliweka chini polepole. Albamu ilipotoka, kipande hicho cha Takataka kilikuwa cha mwisho, na wengi walikisifu kuliko vyote. Lakini yule ngamia kilema, aliyechechemea nyikani akimwita mwanawe, hakuna aliyemsikia tena. Hakuuawa kwa shoka moja: bandu bandu huisha gogo.