Mkamwana Aliyekwenda Masjala

"Jalada halina mkwe." Ndivyo alivyosema mshenga wetu leo sebuleni, wazee wa upande wa bwana harusi wakanuna, nanyi vijana mkabaki kutazamana. Haya, sogeeni. Atakayeacha simu yake ilie nitaitumbukiza kwenye hiki chungu cha maharage, nanyi mnajua sitanii. Msemo huo msidhani ni wa wahenga wa kale. Ulizaliwa mjini, kwenye chumba cha vumbi, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Tusekile, mke wa Gwakisa, dereva wa lori la majani ya chai. Tusekile alikuwa na hoteli ndogo pale stendi. Supu yake ilisifika, na kwa supu hiyohiyo akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, hati ikatoka kwa jina lake mwenyewe. Jamani, aliipenda nyumba ile! Madirisha aliyafuta hata siku ambazo hayakuwa na vumbi.

Siku moja baba mkwe wake, Mzee Ambindwile Mwaisumo, akatuma neno kupitia kwa mkewe. Alitaka mkamwana alete hati ya nyumba iwekwe rehani, yeye akope, anunue lori. Faida, alisema, itakuwa ya ukoo mzima.

Tusekile alikuwa amesikia fununu sokoni kwamba zamani, mzee huyo alipokuwa akifanya biashara ya ndizi mjini, mahakama ilimtangaza kuwa amefilisika. Lakini fununu ni fununu tu. Akimnyima hati kwa maneno ya sokoni, amemvunjia heshima mzee wa watu bure. Akimpa, halafu maneno ya sokoni yakawa kweli, nyumba ndiyo imekwenda.

Najua mtasema, si angemuuliza tu? Amuulize nani? Miaka hiyo, kwetu sisi Wanyakyusa, mkwe alikuwa mkwe. Mkamwana akimwona baba mkwe njiani anaingia migombani, anajifunika kanga mpaka apite. Hazungumzi naye, hali naye, na jina lake halitamki hata akiota. Akiteleza ulimi, kitaitwa kikao, na vikao vya wazee havikuwa vikiisha bila mkosaji kuchinja.

Akamuuliza mumewe. Gwakisa akakuna kichwa, akatazama matairi. "Mimi wakati huo nilikuwa mtoto," akasema. "Halafu baba ni baba, bwana." Akawasha lori, huyoo. Mume yule kwenye usukani alikuwa simba, lakini mbele ya baba yake alikuwa kifaranga.

Basi Tusekile akaona kama watu wote wanaona haya, afadhali aende kwenye karatasi. Akaanzia mahakama ya mwanzo, hapa karibu. Karani wa pale akamsikiliza, akatabasamu.

"Mama, hapa tuna kesi za kuku na mipaka ya mashamba. Mtu akifilisika, shauri lake liko mahakama kubwa, tena ya huko alikofanyia biashara, siyo alikozaliwa. Nenda masjala ya mjini, uombe kupekua daftari la waliofilisika. Unalipa ada, wanakutafutia namba, wanakutolea jalada. Mtu yeyote anaruhusiwa. Uwe na jina lake kamili tu."

Jina lake kamili! Tusekile alitoka pale akijiuliza atalitajaje.

Hata hivyo akaenda. Akavaa kanga mpya, akatia ndizi mbivu kwenye kikapu alichosukiwa na mama mkwe wake, akashika njia ya mjini. Masjala ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na makabati ya majalada yamejipanga mpaka yanagusa dari. Kwenye kaunta alikaa Bwana Likwata, mtu wa kusini, mpenda utani, aliyehamishiwa huku juzijuzi na mila zetu hazijui hata robo.

Tusekile akalipa ada, akapewa stakabadhi.

"Haya, mama. Jina la huyo mtu?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Hongera. Jina?"

"Ni mfupi hivi, ana mwanya."

"Mama, daftari langu halina picha. Anaitwa nani?"

"Ndiyo silitamki, kaka yangu. Ni mkwe."

Likwata akainama, akateremsha sauti. "Hata kwa kuninong'oneza?"

"Kunong'ona nako si kutamka?"

Likwata akamsogezea kalamu na karatasi. "Basi andika, mdomo wako ubaki salama."

Tusekile aliitazama ile kalamu, akairudisha. "Huu mkono nao ni mkamwana wake."

"Makubwa! Haya, jina la ukoo la mumeo?"

"Ndilo hilohilo."

"Na wewe wanakuandika nani?"

"Mama Tumpale."

Likwata akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya, na tangu ahamie huku hakuwahi kupata asubuhi tamu kama ile. "Twende kwa herufi," akasema. "Huo ukoo unaanzaje?"

Tusekile akatazama mlangoni, akatazama dirishani. "Mwa," akasema upesi, akaziba mdomo.

Likwata akafunua daftari. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Mama wewe! Huku kwenu nani asiyeanza na Mwa? Haya, nitasoma mmoja mmoja, ukimsikia wako itikia kwa kichwa. Mwabulambo?"

Tusekile akatazama sakafu.

"Mwafongo? Mwaihojo? Mwaikambo?"

Hapo ndipo kikohozi kikasikika kwenye korido. Tusekile alikijua kikohozi kile. Miaka yote ya ndoa yake, kikisikika hivyo, yeye hukimbilia migombani. Sasa masjala ina migomba? Mlango ni mmoja, na kikohozi ndicho kinaingia nao! Mama wa watu akapita chini ya kaunta kwa magoti, akajibanza nyuma ya makabati, kanga kichwani.

"Mama! Huko wateja hawaingii!" Likwata akapiga kelele, lakini Mzee Mwaisumo alikwisha kufika mbele yake, jasho linamtiririka. Kutoka kule mahakama ya mwanzo neno lilikwisha kumfikia kwamba mkamwana wake ameulizia masjala. Akaegemea kaunta, akanong'ona. Kwa bahati mbaya mzee yule alikuwa mzito wa masikio, na mnong'ono wake ungesikika mpaka sokoni.

"Kijana wangu, mimi ni Ambindwile Mwaisumo. Humu ndani kuna jalada langu la kufilisika. Atakuja mwanamke kulitafuta. Nakuomba, mwambie halionekani. Nikishapata mkopo wangu, lionekane tu, sina neno."

Likwata alikuwa bado ameweka kidole palepale kwa Mwaikambo. Akakishusha mistari michache. "Mwaisumo, Ambindwile!" akasema kwa furaha ya mtu aliyeokota shilingi. "Mama, ndilo hili?"

Nyuma ya makabati kikatoka kikohozi kikali cha kike.

Mzee akashtuka. Macho yake yakashuka kwenye kaunta, yakakiona kikapu cha ndizi, na kikapu kile alikifahamu kwa sababu kilisukwa uani kwake. "Mungu wangu, mkamwana!" Akageukia ukuta papo hapo, maana mila inambana mkamwana na mkwe pia. Mmoja yuko nyuma ya kabati, mwingine kabandika pua ukutani, na karani, aliyekwisha kulichomoa jalada kabatini, yuko katikati nalo mkononi.

"Mama amelipa ada," Likwata akasema, "kwa hiyo namsomea."

"Hapana!" mzee akalia na ukuta. "Kijana, yule ni mkwe wangu! Mtu hasomewi mambo kama hayo mbele ya mkwe!"

"Mzee wangu, mkwe ni wako wewe. Jalada halina mkwe."

Akasoma. Kwamba Ambindwile Mwaisumo, mfanyabiashara wa ndizi wa mjini, lori lake la mkopo lilizama na daraja siku ya mafuriko, na mahakama ikamtangaza kuwa amefilisika. Kwamba haruhusiwi kukopa bila kumweleza mkopeshaji hali yake. Kwamba hajaomba aondolewe hali hiyo mpaka leo. Tusekile alisikiliza kila neno, na picha ya madirisha yake ikamjia machoni. Hasira ikampanda.

"Karani," sauti ya mzee ikatoka ukutani. "Mwambie mkamwana sikutaka kumwibia."

"Mama, anasema hakutaka kukuibia."

"Mwambie nimesikia," akasema Tusekile. "Muulize, kwa nini hakusema?"

"Mzee, kwa nini hukusema?"

"Mwambie niliona aibu. Watu wananikumbuka kwa lile lori lililozama. Nilitaka waniangalie nikiwa na jingine, kabla sijafa."

Nyuma ya kabati Tusekile akafuta macho kwa ncha ya kanga. Hasira ilikuwepo bado, lakini huruma nayo ilikwisha kuingia bila hodi. "Mwambie baba hati yangu haitoki, leo wala kesho. Mwambie angenitumia neno la kweli ningemheshimu zaidi. Na mwambie ndizi hizo ale, njia ni ndefu."

"Mimi nimeajiriwa kutunza majalada," Likwata akanung'unika, "leo nimekuwa mshenga." Lakini akachukua ndizi, akampa mzee kwa nyuma, na mzee akaimenya akiutazama ukuta. Karani akamweleza kwamba mtu aliyefilisika anaweza kuomba mahakama imwondolee hali ile, mradi aeleze mambo yake yote bila kuficha. Mzee akatafuna, akasikiliza. Wakatoka mmoja mmoja, yeye kwanza.

Aliomba kweli, na baada ya kusumbuliwa sana akaondolewa. Lori hakununua. Ila binti yake mdogo alipokuja kuposwa, wazee wa upande wa pili wakaanza kuzunguka: ati mzee, biashara zako za zamani zilikwendaje, ati tumesikia hili, ati wengine wanasema lile. Mwaisumo akasimama, akajipapasa mfukoni kama anatafuta tumbaku.

"Wazee wangu, msijichoshe. Nendeni masjala ya mjini, mtaje jina langu kamili, Ambindwile Mwaisumo. Mtakuta nilivyoanguka, na mtakuta nilivyoinuka. Mimi nitawaonea haya na ninyi mtanionea haya, kwa kuwa tunataka kuwa wakwe. Jalada halina mkwe."

Akacheka yeye kwanza, ndipo wengine wakathubutu. Chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu, Tusekile alikuwa akikoroga supu ya wageni, naye akacheka mpaka akamwaga mchuzi.

Mnauliza mimi nimeyajuaje? Tusekile alinisimulia mwenyewe. Lile neno la hati nilitumwa mimi kulipeleka, na kikapu kile nilikisuka kwa mikono hii. Hicho hapo, haya maharage ya chunguni yametoka humo. Marehemu mume wangu namtaja jina nipendavyo, kwa kuwa mimi sikuwa mkwe wake.

Sasa mmeelewa kwa nini wale wazee walinuna leo. Mshenga wetu hakuwatukana. Aliomba jina kamili la kijana wao, basi. Acheni wanune, watakula ubwabwa wa harusi na kununa kutaisha. Nawe bibi harusi mtarajiwa, usijifiche nyuma ya mgongo wa dada yako, nimekuona. Kesho asubuhi panda gari uende mjini, ukalipe ada, ulitaje jina la mchumba wako lote kwa sauti. Jalada halina mkwe.